Mcheza Kwao Hutuzwa, Mcheza Ugenini Hujiandaa

Sisi tuliozaliwa katikati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet tulilisikia jina la Wilson Kiprugut Chumo kabla hatujajua Tokyo iko upande gani wa dunia. Mwaka 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, mwana huyo wa Kericho alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Tokyo, akaipatia nchi medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Wazee wetu waliposimulia habari hiyo walikomea hapo: alienda, akakimbia, akarudi na medali.

Aliyenifunza mbio hakukomea hapo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyeishi karibu na kiwanda cha chai upande wa Bomet, nasi tulimwita Afande mpaka siku tuliyomzika. Alitutaka tumfuate Kiprugut mpaka mwisho wa safari zake. Mwaka 1965 alishinda mita 400 na mita 800 kule Brazzaville, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika, katika joto la kando ya mto Kongo. Mwaka 1966 alipata medali ya fedha Kingston, Jamaika, kisiwani. Mwaka 1968 akapata fedha nyingine, mara hii ya Olimpiki, katika Mexico City, jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Afande alikuwa akihesabu miji hiyo kwa vidole, kisha anatuuliza, "Katika hii yote, kuna mmoja unaofanana na Kericho?" Tukinyamaza, anajijibu mwenyewe: "Basi jueni, mbio za kwenu si mbio. Mbio ni zile unazokimbia kwa watu."

Nimekuwa mkimbiaji, kisha mwalimu wa wakimbiaji, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona uzito wa maneno hayo. Huku kwetu watu wengi wanaamini kwamba milima imekwisha kutufanyia kazi. Wanasema mtoto aliyekua mita 2,000 juu ya bahari, anayepanda na kushuka vilima vya chai kwenda shule, hahitaji zaidi ya viatu na tiketi ya ndege. Kuna ukweli ndani yake. Katika kimo hicho kila pumzi ina karibu moja kwa tano pungufu ya oksijeni ukilinganisha na ufukweni, na mwili hujibu upungufu huo kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Hiyo ni akiba kubwa. Lakini Kericho inatupa pia mambo yasiyotusaidia tukitoka: baridi ya asubuhi, mvua ya alasiri karibu mwaka mzima, mvua ya mawe inayojulikana duniani kwa kunyesha kwake mara kwa mara, na jua ambalo hata likiwaka halichomi sana. Mwili unaoyazoea hayo tangu utotoni haujui joto, na joto ndilo linaloamua mbio nyingi kubwa, kwa kuwa michezo ya Olimpiki na mashindano ya dunia hufanyika zaidi majira ya kiangazi cha wenyeji.

Afande alilijua hilo bila maabara. Tulipokuwa na mashindano ya mbali, wiki chache kabla ya safari alitupakia kwenye matatu alfajiri, tukashuka mteremko mrefu wa kuelekea Kisumu. Tukitoka Kericho tumevaa sweta na vioo vya gari vina ukungu. Tukifika Ahero, kwenye uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga, jua limekwisha kupasha barabara. Safari yenyewe haizidi saa mbili, lakini ni kama umevuka nchi mbili. Tulikimbia kwenye njia za kandokando ya mifereji, mchana, wenyeji wakitutazama kwa mshangao. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki alimwita Afande, "Mzee, hawa watoto wamekukosea nini?" Afande alimjibu kwa heshima, "Mama, hawajakosa. Wanaenda ugenini."

Siku ya kwanza Ahero miguu ilikuwa mizito na moyo ulipiga kwa kasi katika mwendo ambao nyumbani ni wa mzaha. Baada ya siku kadhaa jambo lilibadilika. Baadaye nilisoma kwa nini. Mwili ukiwekwa kwenye joto kila siku na kufanyishwa kazi, maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na hubeba chumvi kidogo zaidi, na mapigo ya moyo hupungua kwa mwendo uleule. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea katika wiki ya kwanza, na hukamilika katika muda wa takriban wiki mbili. Ukirudi kwenye baridi, hupotea polepole ndani ya wiki chache. Kwa hiyo huwezi kwenda Ahero mwezi Januari ukajivunia joto hilo mwezi Agosti. Maandalizi haya yana tarehe yake, na tarehe hiyo huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mbio.

Somo hilo nililiona kwa macho tarehe 24 Machi 2007, pale Mombasa. Kenya ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, karibu na kivuko cha Likoni. Mimi na vijana wangu tulipanda basi kwenda kushuhudia. Nilidhani tunaenda kuona wageni wakitaabika kwetu. Pwani ikatuonyesha kwamba kwa mtu wa nyanda za juu, Mombasa ni ugenini pia. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, jasho halikukauka mwilini, na wakimbiaji waliozoea milima waliangukia pembeni wakasaidiwa na watu wa huduma ya kwanza. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, aliongoza hadi karibu na mwisho, kisha joto likamshinda akaacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Moses Mosop na Bernard Kipyego wa kwetu walishika nafasi ya pili na ya tatu, na timu ya Kenya ikabeba ushindi wa timu.

Nilirudi nyumbani na fikira moja. Bekele hakupungukiwa na mbio siku ile. Alikuwa na mbio zote alizokuwa nazo miaka mitano iliyopita, lakini alizileta mahali pasipo pake. Na wale waliomaliza vizuri hawakushindana naye peke yake. Walishindana na Mombasa kwanza, wakaelewana nayo, kisha ndipo wakageukia watu.

Jambo la pili Afande alilolishikilia ni saa. Nilipopata nafasi ya kukimbia Japani, mbio za barabarani katika mji wa pwani, alianza kunibadilishia siku kabla sijatoka. Tokyo iko saa 6 mbele yetu: jua linapochomoza Kericho, kwao ni saa 6 mchana. Alinitaka nilale mapema kila siku kuliko siku iliyotangulia, niamke gizani, na mazoezi magumu niyafanye saa ile ambayo kule ndiyo saa ya mbio. Mke wangu alilalamika kwamba nyumba imegeuka kambi, lakini alinipikia chakula saa zile za ajabu bila kukosa hata siku moja. Nilipofika Japani usingizi ulinijia usiku kama kwa wenyeji. Mwenzangu kutoka kambi nyingine aliletewa tiketi dakika za mwisho na wakala wake, akafika jioni ya kuamkia mbio. Alikuwa na kasi kunishinda, na kila mmoja wetu alijua hivyo. Asubuhi ile mwili wake ulikuwa bado umelala Kenya. Alikimbia kilomita kumi za kwanza kwa ubora wake, kisha akarudi nyuma kundi baada ya kundi. Kanuni wanayoijua wasafiri wa michezo ni kwamba mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, hasa ukielekea mashariki. Ukiweza, fika mapema. Ikiwa huwezi, anza kuhama saa ukiwa ungali nyumbani.

Lililonithibitishia kwamba haya si ya wakimbiaji tu lilitoka kwenye mchezo ambao huku kwetu hauchezwi sana. Mjini Kericho kulikuwa na mzee wa Kisikhi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpenzi mkubwa wa kriketi. Redio yake ndiyo iliyotangaza, tarehe 29 Februari 1996, kwamba Kenya imeishinda West Indies kwenye Kombe la Dunia, mjini Pune, India. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 166 pekee, na watu wote dukani tulidhani imekwisha. West Indies ikatolewa yote kwa mikimbio 93. Maurice Odumbe, nahodha wetu, aliangusha wiketi tatu kwa mikimbio 15. Mzee yule alifunga duka akatununulia soda. Kisha akanifafanulia jambo ambalo sikulijua: "Mwalimu, katika kriketi ardhi ndiyo mchezaji wa kumi na mbili."

Nilijifunza kwake kwamba timu zinazosafiri kwa mechi za Test, zile za siku tano, hujiandaa kwa ajili ya udongo na hewa kabla ya kujiandaa kwa ajili ya wapinzani. Uingereza mpira hupinda hewani kwa sababu ya mawingu na nyasi. Australia ardhi ni ngumu na mpira hudunda juu hadi kifuani. India ardhi kavu hupasuka, na mrushaji wa polepole anayezungusha mpira huwa mfalme kuanzia siku ya kwanza. Zamani timu ilifika wiki nyingi mapema, ikacheza mechi za kujipasha moto na timu za mikoa, ikajifunza nchi polepole. Siku hizi kalenda imejaa na mechi hizo zimepungua sana, hivyo maandalizi yamehamishiwa kabla ya safari. Mwaka 2017 Australia ilipiga kambi Dubai kabla ya kwenda India, kwenye viwanja vilivyotayarishwa makusudi ili mpira uzunguke kama kule. Ikafika Pune, mji uleule wa ushindi wetu, ikaishinda India kwa mikimbio 333. Steve O'Keefe, mrushaji wa polepole, aliangusha wiketi 12. Mwaka 2023 Australia ilikataa mechi ya kujipasha moto na badala yake ikafanyia mazoezi kwenye viwanja vilivyokwaruzwa kwa makusudi. Ikafika Nagpur, ikatolewa kwa mikimbio 91 katika zamu ya pili, mechi ikaisha siku ya tatu.

Nimeitafakari sana mifano hii miwili, kwa kuwa timu ni ileile na nia ni ileile. Hata ile ya 2017, pamoja na ushindi wa Pune, ilipoteza mfululizo mzima 2-1. Maandalizi hayakununulii ushindi. Yanakuondolea mshangao, ili utakaposhindwa ushindwe na aliyekuzidi, na utakaposhinda usiwe umebahatisha. Kwa mwalimu wa vijana hilo linatosha. Mimi siwezi kumpa kijana kasi ambayo hana. Ninaweza kumhakikishia kwamba hakuna jambo la ugenini litakalomkuta hajawahi kulionja.

Mexico City ya 1968 inalisema hilo kutoka upande wa pili. Mashindano yalikuwa katika kimo chetu, na Wakenya walivuna: Kipchoge Keino katika mita 1,500, Naftali Temu katika mita 10,000, Amos Biwott katika kuruka viunzi na maji. Ron Clarke wa Australia alianguka akiwa amezimia baada ya mbio za mita 10,000. Lakini wenzetu wa nchi za chini hawakukaa wakingoja. Wafaransa walijenga kituo cha mazoezi Font-Romeu, milimani. Wamarekani walifanyia majaribio ya timu yao Echo Summit, California, katika kimo kinachokaribiana na cha Mexico City. Na katika mita 800, Kiprugut wetu aliongoza mbio hadi mita za mwisho, akapitwa na Ralph Doubell, Mwaustralia, mtu wa nchi ya chini. Afande alipofika hapo kwenye simulizi sauti yake ilikuwa inapungua. Alimheshimu Doubell. Alisema mtu yule alikuja kwenye hewa yetu akiwa ameiheshimu.

Leo ninapowafundisha vijana simtaji Kiprugut peke yake. Ninamtaja Beatrice Chebet, binti wa Londiani. Februari 2023 alikuwa Bathurst, Australia, kwenye mbio za nyika za dunia, katika joto kali la kiangazi cha huko. Letesenbet Gidey wa Ethiopia alikuwa mbele yake mita chache kabla ya utepe, akaanguka. Chebet akapita akiwa bado na nguvu za kupita. Machi 2024 alitetea ubingwa huo Belgrade. Mei mwaka huohuo, Eugene, Marekani, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kwa muda wa 28:54.14. Agosti akachukua dhahabu mbili za Olimpiki Paris. Septemba 2025 akachukua dhahabu mbili za dunia Tokyo, jiji lilelile la Kiprugut. Mita 10,000 za Tokyo alizishinda kwa dakika 30 na sekunde 37. Vijana huniuliza imekuwaje bingwa wa rekodi akachukua karibu dakika mbili zaidi. Ninawaambia watazame joto na unyevu wa usiku ule, kisha watazame nani alifika wa kwanza. Eugene alikimbiza saa. Tokyo alikimbia na Tokyo.

Kuna jambo la mwisho ambalo vitabu vya mazoezi hulipitia haraka, nalo ni upweke na chakula. Kijana wa kwetu amezoea kimyet, yaani ugali, mboga za kienyeji na maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu, na amezoea kula akiwa na watu. Ghafla yuko peke yake kwenye chumba cha hoteli, mbele ya sahani asiyoijua, na keshokutwa ni mbio. Nimeona vijana wenye vipaji wakilala njaa kwa kuona haya kuuliza. Afande alitulisha tambi na wali mkavu majuma kadhaa kabla ya safari, chakula ambacho utakipata popote duniani, ili tumbo lisiwe na jambo jipya siku ya mbio. Pia alitutuma mmoja mmoja tukalale kwa jamaa zake mbali, Nakuru au Kisumu, katika nyumba tusiyoijua, tufanye mazoezi asubuhi bila kuamshwa na mtu. Sisi tuliona ni adhabu. Nilipolala peke yangu Japani nilijua alikuwa ananifundisha nini, na nikamshukuru gizani.

Mafunzo haya siyaweki kwenye mbio peke yake. Kila mwaka vijana wa nchi hii ya chai wanaondoka: wengine kwenda vyuo vya ng'ambo, wengine kazini Ghuba, wengine kwenye timu za makampuni ya Japani. Familia huuza ng'ombe, hukopa chama, hukimbizana na pasipoti na viza. Karatasi zote zinapotimia watu husema maandalizi yamekwisha. Ni mara chache mtu amekaa na kijana huyo akamuuliza: huko joto likoje? Utaamka saa ngapi, na nani atakuamsha? Utakula nini wiki ya kwanza? Ukiugua utamwambia nani? Maswali haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu mzima aliyewahi kutoka, na aliye tayari kukaa kitako na mdogo wake jioni chache.

Kwa wanariadha wetu tunaweza kufanya zaidi, na kwa gharama ndogo. Kericho na Bomet zina bahati ya ajabu ya jiografia: baridi na kimo viko hapa, na joto la uwanda wa Kano liko chini ya mteremko. Hakuna sababu ya mtoto wa Sotik, Litein au Mogogosiek kulionja joto kwa mara ya kwanza siku anayovaa fulana ya taifa. Kaunti zetu zikiandaa nauli ya matatu na nyumba ya kulala Ahero kwa wiki mbili kabla ya kila mashindano makubwa, zitakuwa zimewapa vijana kitu chenye thamani kuliko hotuba za kuwaaga uwanja wa ndege. Shule zikiwatuma wanafunzi kukimbia kwenye viwanja vya wengine, katika hewa ya wengine, tangu wakiwa wadogo, ugenini hautawatisha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na ni kweli. Makofi ya nyumbani ni matamu. Lakini heshima ambayo Kiprugut na Chebet waliiletea nchi hii ya chai yote ilichumwa kwa watu, chini ya jua la watu, kwa saa za watu. Anayetaka kuwafuata asianze na tiketi. Aanze wiki hii, hapa nyumbani, kwa kuuliza mahali anapokwenda pakoje, na kuufundisha mwili wake majibu kabla ya kuondoka.